Kwa Mama Aliyeipiga Ndege ya Vita

Mama yangu,

Jino langu la mbele ulilivunja wewe. Watu wakiniuliza nilianguka wapi, nawajibu kwamba ni mambo ya utoto, na wao huridhika. Tulikuwa kwenye mikorosho ya baba pale Nambilanje, msimu wa kupulizia, na jirani aliyekuja kutusaidia akaiwasha mashine ya salfa mgongoni mwake bila kutuambia. Mngurumo ulipoanza tu, wewe ukanirukia. Ulinikamata shingo, ukanibamiza kifudifudi, ukanilalia kwa uzito wako wote. Uso wangu ulikutana na kisiki. Mdomo ulijaa damu na mchanga, nikataka kupiga yowe, kiganja chako kikaniziba. Ulikuwa unanong'ona Kimakonde, maneno ambayo sikuyaelewa. Baba alikuja mbio akakushika bega.

"Rosalina, ni salfa. Ni dawa ya korosho tu hiyo."

Ulimng'ata mkono, mama. Ulimng'ata mpaka damu ikatoka, na hukumwachia mpaka mashine ilipozimwa.

Baba hakukupiga. Alikaa palepale chini, akavua shati akafunga jeraha lake, kisha akanifuta mimi mdomo kwa mkono wake mzima. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama yako alikuwa vitani, Somoe. Usimuulize."

Basi sikukuuliza. Tulikua hivyo, mimi na mdogo wangu Bakari. Ndege ya abiria ikipita juu kabisa, ile inayoacha mstari mweupe, watoto wa majirani walikimbilia uwanjani wakiipungia mikono. Sisi tulikuwa tumeshalala chini ya mihogo. Aliyechelewa alichapwa. "Chini! Chini!" Fimbo yako haikuchagua mahali, ilitua kichwani, mgongoni, miguuni, popote ilipotukuta. Bakari mpaka leo ana kovu juu ya nyusi. Alipokuwa darasa la sita alikujibu, "Mama, hao ni watu wanakwenda zao Dar," nawe ukampiga kofi lililomwangusha, halafu ukamlalia hapohapo mpaka ndege ikapotea. Aliinuka akaniambia kwamba anakuchukia. Nilimwelewa.

Na ulitubeba kwa mbele. Wanawake wote wa Nambilanje hubeba watoto mgongoni, wanalima nao, wanachota maji nao. Wewe Bakari ulimfunga kifuani hata wakati wa palizi ya ufuta, jembe likipanda na kushuka jirani na kichwa chake. Mawifi zako walikucheka. "Mmakonde huyu anabeba mtoto kama tumbili." Siku moja wifi yako mkubwa, kwa nia njema kabisa, alimfungua Bakari kifuani pako akataka kukufundisha namna ya kumweka mgongoni. Ulimsukuma akaangukia mafiga, ugali ukamwagika, mkono wake ukaungua. Ulisimama juu yake na mwiko mkononi, macho yametoka. "Mgongoni hapana. Ntoto wangu mgongoni hapana." Toka siku ile hakuna aliyerudia.

Hayo yote niliyaweka pamoja nikayaita ukali. Nilisema mama yangu ni mkali, basi.

Kisha likafunguliwa lile jumba la makumbusho kule Nachingwea, na mtendaji wa kijiji akapita akiwatafuta watu walioishi miaka ya vita vya Msumbiji. Nilidhani utakataa. Ukauliza kama kutakuwa na picha za watu. Akasema zitakuwepo nyingi. Ukanunua kitenge kipya. Bakari alikupakia kwenye pikipiki yake mpaka kwangu Ruangwa, ukalala pale, na asubuhi tukaondoka sote pamoja na binti yangu Zuhura. Njiani ulimweleza Zuhura habari za Nambambo, jinsi mlivyopewa shamba pale mlipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, jinsi wenyeji walivyowafundisha kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, njaa ilipobana. Sijawahi kukusikia ukisema maneno mengi namna ile.

Hukujua kwamba kuna ndege. Wala mimi sikujua.

Ilikuwa katikati ya ukumbi, imezungushiwa nguzo fupi za chuma zilizounganishwa kwa kamba nyekundu. Ndege ya kivita ya mkoloni. Walituambia kwamba katika miaka ile ilipigwa risasi ikatua kwa tumbo kwenye mchanga wa Ruvuma, ikaburutwa upande wetu, ikakaa muda mrefu nyuma ya karakana ikikaliwa na kuku, mpaka mafundi walipoifufua. Walikuwa wameifanyia kazi hasa. Bati limenyooshwa, rangi mpya imepakwa, kioo cha rubani kinang'aa. Chini ya mabawa walikuwa wamening'iniza mabomu ya mbao waliyoyapaka rangi ya kijani, ili watu waone jinsi ilivyokuwa.

Mkuu wa jumba, mama mmoja mwenye sauti nzuri, alishika kipaza sauti akaeleza injini yake, mwendo wake, uzito iliokuwa ikiubeba. Watu walipiga makofi. Wakaweka ngazi ndogo ili watoto wapande wakapigwe picha ndani, na Zuhura akawa wa kwanza kwenye foleni.

Nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa umeivuka kamba, umesimama chini ya bawa, umeinua uso. Wageni wengine walikuwa wanaitazama ndege kwa mbele na kwa pembeni. Wewe ulikuwa unaitazama kwa chini, na midomo yako ilikuwa imekauka, na mkojo ulikuwa unateremka kwenye kitenge chako kipya. Nilianza kuja. Hapo ndipo Zuhura alipokaa kitini akaita kwa furaha, "Bibi! Bibi, nitazame!" Akaelekeza vidole kwetu. "Du-du-du-du-du!"

Nilikuwa nakufahamu kama mwanamke wa miaka zaidi ya sitini mwenye magoti mabovu. Ulipanda ile ngazi kama msichana. Ulimchomoa Zuhura kwa kwapa moja, ukamrusha kwangu, nikamdaka tukaanguka wote wawili sakafuni. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshashuka, umeshika nguzo ya chuma kwa mikono miwili, na kile kitako chake kizito kilikuwa juu. Pigo la kwanza lilipasua kioo. La pili likakiangusha ndani. Watu wakapiga kelele, viti vikaanguka. Ulihamia kwenye bawa, bati likabonyea, rangi ikaruka. Uliyapiga mabomu ya mbao mpaka yakakatika yakabiringika miguuni mwa wageni, na wageni wale, watu wazima waliovaa suti, walikimbia mbao. Ulikuwa unapayuka Kimakonde. Kimakonde changu ni cha kuombea maji, lakini neno moja nililijua, nalo ulilirudia kwa kila pigo.

"Toka! Toka! Toka!"

Ulikuwa unamwita rubani.

Mlinzi alikuwa kijana mrefu, mwenye mikono mikubwa. Alikuja kwa nyuma akakushika kifundo cha mkono wenye nguzo, akaukunja. Nilisikia mlio wa kuni kavu. Hukulia. Ulimgeukia ukamtemea mate usoni, naye akaukunja tena, na Bakari, yuleyule aliyesema anakuchukia, akaruka kamba akampiga kichwa cha pua. Damu ilitapakaa kwenye bawa jeupe. Wakaangushana chini, wakapigana kwenye vipande vya kioo, Bakari akimkaba koo na kumwambia, "Huyo ni mama yangu! Huyo ni mama yangu!" Ilibidi askari wamtoe kwa virungu. Zuhura aliyaona yote akiwa mapajani mwangu. Nilijaribu kumfunika macho, akaning'oa vidole.

Wewe walikupeleka hospitali, wakakufunga hogo jeupe la plasta mpaka kwenye kiwiko. Bakari walimweka ndani, mdomo umevimba, jicho halifunguki. Nilipompelekea chakula aliniuliza kitu kimoja tu. "Ile ndege ilimfanya nini?"

Nilimfunulia sahani. Mimi mtoto wako mkubwa, sikuwahi kukuuliza.

Jibu ulilitoa kwa mgeni. Yule mkuu wa jumba alikuja mwenyewe Nambilanje siku chache baadaye, akaketi nasi kwenye mkeka. Alikuwa ameshamtoa Bakari. Akasema anaweza kuifuta kesi, ila anaomba kujua. "Mama, mimi si polisi. Nieleze tu, ulikuwa na nini na ile ndege?"

 Nikaona umeuweka mkono wa hogo mapajani, na huu mwingine unaupapasa mgongo wako mwenyewe, chini ya shingo, kama mtu anayetafuta upele. Ukaanza kwa Kiswahili, ukaingia Kimakonde, ukarudi.

Ulisema ulikuwa mkubwa kama Zuhura. Ulikuwa umembeba ndugu yako, Adelino, ambaye alikuwa bado hajatembea. Mama yenu alikuwa shambani. Wakubwa walikuwa wamewafundisha watoto: ukisikia ndege usikimbie, lala kifudifudi, mikono kichwani, usiinuke mpaka uambiwe. Ilikuja chini kabisa, ukaona tumbo lake na vitu vilivyoning'inia. Ukalala. Ardhi ikakurusha, ikakupokea, ikakurusha tena. Nyumba ziliwaka. Mbuzi aliyekatika miguu alipita mbele yako akijiburuta. Hukuinuka.

"Nililala vizuri," ulisema. "Nililala kama nilivyofundishwa. Nkono wangu hata haukuchubuka."

Ndege ilipoondoka ulihisi maji ya moto mgongoni. Ukafikiri Adelino amekukojolea. Ukamgombeza, mama. Ulilirudia hilo: ulimgombeza, ukamwambia ataipata kwa mama. Ukamkuta mama yako anakuja mbio kutoka shambani. Alikufungua kanga, akaangalia, akakupiga kofi upande huu, akakupiga na upande huu. Akakuuliza, "Kwa nini hukumweka mbele?"

Mlimzika kwa jembe, chapuchapu, kwa sababu mngurumo ulikuwa unarudi. Mkatembea mpaka Ruvuma, mkavuka. Bibi, mama yako, aliishi Nambambo miaka mingi, akafa Nambambo, na hakulitaja tena jina la Adelino hata mara moja. Wala wewe hukulitaja.

Mgeni alikuwa analia. Mimi nilikuwa nakutazama tu. Nilikuwa nauhisi uzito wako wote mgongoni kwangu, ule wa mikoroshoni, na kwa mara ya kwanza nilijua ulikuwa wa nini. Ulikuwa umejiweka juu. Kila mara, kwa miaka yote ile ya vipigo, ulikuwa unajiweka wewe juu.

Bakari alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akapiga magoti, akakiweka kichwa chake kwenye lile hogo, na ukamkemea kwamba anakuumiza.

Mkuu wa jumba alifuta machozi akakuuliza, "Nikufanyie nini, mama?"

"Mumeandika habari za injini," ukamjibu. "Andikeni na Adelino."

Akaahidi. Naamini aliahidi kwa moyo wake wote.

Mkono uliunga vibaya, ukabaki umepinda. Ulivuna ufuta kwa mkono mmoja, ukakataa kupumzika. Presha ilikuangusha shambani, juani, ukiwa umekumbatia mafungu ya ufuta, na Bakari alipokufikia ulikuwa umeshaondoka. Tulikuzika karibu na baba. Katika watu waliobeba jeneza alikuwemo mtu mrefu mwenye pua iliyopinda. Nilimtambua, na Bakari akamtambua.  Bakari alisogea kidogo akampa nafasi begani.

Mwaka haujaisha tangu hapo. Nilikwenda Nachingwea peke yangu, kukutazamia kile ulichokiomba. Ndege walikuwa wameitengeneza tena, kioo kipya, rangi mpya, mabomu mapya ya mbao. Bango pia lilikuwa jipya. Lilianza na injini. Chini kabisa liliandikwa kwamba katika mashambulizi ya ndege za aina hii watu wengi walipoteza maisha. Nililisoma kutoka juu hadi chini, halafu nikalisoma tena, nikidhani nimeruka mstari. Yule mama mkuu alikuwa amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake alinisikiliza kwa heshima, akanipa kiti, akaniambia, "Pole sana dada. Lakini hatuna ushahidi wa hilo jina. Hatuwezi kuandika jina la mtu kwa maneno ya mdomo."

Nilimwambia kwamba ushahidi ulikuwa mgongoni kwa mama yangu. Alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana nilishindwa kumpiga, ingawa mkono wangu ulikuwa umeshajikunja na meza yake ilikuwa na rula nzito ya chuma. Nilijiona nikimpasua nayo. Niliona damu kabisa. Nikatoka mbio nikatapika nyuma ya jengo, kwenye ule udongo mwekundu.

Niliporudi wiki iliyofuata nilikuwa na msumari wa inchi nne kwenye mkoba. Ilikuwa mchana, watu wachache. Niliivuka kamba. Nililala chali sakafuni, chini ya bawa, pembeni ya kile kishikio cha bomu, nikaanza. Mama, bati la ndege ni gumu kuliko linavyoonekana. Ilibidi niukandamize msumari kwa viganja viwili, na herufi ya kwanza ilinichuna ngozi. Nilikwaruza kwa hasira zote, za kwako, za bibi, za Bakari mdogo aliyelala kifudifudi kwenye mihogo. Chembe za rangi ziliniangukia machoni. Nilikuwa nimefika kwenye N nilipoviona viatu vya mlinzi.

Aliinama akanikamata kifundo cha mkono. Mkono uleule, mama, nguvu ileile. Nilihisi mfupa wangu unavyokaa kwenye kiganja chake, nikajua ulichokihisi. Sikuuachia msumari. Nikamwambia, "Vunja."

Aliangalia juu, kwenye bawa. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Huyu nani?"

"Mjomba wangu."

Alibaki ameinama hivyo. Nilikuwa naisikia pumzi yake ikipita kwa shida kwenye ile pua aliyovunjwa na mdogo wangu. Kisha vidole vyake vikalegea, kimoja kimoja. Akainuka, akanipa mgongo, akatazama mlango.

"Malizia," alisema.

Ile O ndiyo iliyonisumbua zaidi. Duara kwenye bati halitaki kuja, linakuja na pembe.

Kijana huyo ameacha kazi, amerudi kwao kulima, na ametuma salamu kwamba nikitaka kuandika niandike, hana cha kupoteza pale. Ndiyo maana nayaweka haya wazi kila mtu ayasome. Walioko kwenye jumba wasimtafute mwingine. Ni mimi, mwalimu wa Ruangwa, na nikiitwa nitakwenda. Bakari amesema atakuwa nami, na safari hii ameahidi kutompiga mtu. Zuhura ameniuliza kama anaweza kuja kuona. Nimemwambia nitampeleka, ila itabidi alale chali.

Nilisikia wamepaka rangi juu ya jina. Nilikwenda kuhakikisha. Wamepaka, lakini msumari ulikuwa umeingia ndani, na ukilipapasa bawa kwa kidole unalisoma lote.

Pumzika sasa, mama, umelala upande unaoutaka mwenyewe.

Binti yako wa kwanza,
Somoe